Mabaki ya Fisi ni ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Mifupa ya Kale

Makala haya yamezaliwa na sentensi moja. Niliikuta Kichiwa, kati ya Makambako na mji wa Njombe, katika karatasi alizokuwa ameziandaa mwalimu mmoja wa historia kwa ajili ya wanafunzi wake, waliokuwa wakijitayarisha kwenda kuzuru Isimila, karibu na Iringa. Karatasi hizo alizifasiri mwenyewe kutoka Kiingereza akisaidiwa na wenzake wawili, nazo zilieleza kwa jumla habari za Zama za Mawe katika nchi yetu. Sentensi yenyewe ilisema: "Mabaki ya wanyama wala nyama yamepatikana katika makazi ya binadamu wa kale, na hii inaonyesha mwingiliano kati yao."

Mwalimu aliniomba niitazame. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona safi. Sarufi yake haina kasoro, na maneno yake yote ni ya Kiswahili sanifu ambayo mtu yeyote aliyefika darasa la saba huyajua. Kasoro aliiona mwanafunzi. Alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hayo mabaki ni mifupa ya fisi aliyekufa, au ni mifupa ya mbuzi aliyeliwa na fisi?" Mwalimu alinitazama mimi, nami nikaitazama karatasi. Karatasi haikuwa na jibu. Tulipoufungua ukurasa wa Kiingereza tuliona kwamba mwandishi alikusudia mifupa ya wanyama wenyewe: fisi, chui na wenzao waliofia mahali pale. Lakini ukurasa uliofuata ulizungumzia mifupa ya swala iliyotafunwa na wanyama hao, na wafasiri wetu, pasipo kukusudia, walikuwa wameyatumia maneno yale yale: mabaki ya wanyama wala nyama.

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba muktadha ungelisahihisha. Ningekubaliana naye kama lisingekuwa swali lile lile ambalo wataalamu wa mambo ya kale wamelibishania kwa miaka mingi, tena wakiyabishania mabonde ya nchi yetu wenyewe. Nani alikula, nani aliliwa, na nani aliiacha mifupa hii hapa? Lugha inayoyafunika maswali hayo matatu kwa neno moja haiwezi kuifundisha elimu hii, hata ikiwa fasaha namna gani.

Kiunganishi kinachoficha

Chanzo cha utata ni -a unganifu. Sote tunajua kwamba "picha ya Juma" yaweza kuwa picha anayoimiliki Juma, au aliyoipiga Juma, au inayoonyesha sura ya Juma. Katika mazungumzo ya kila siku utata huu hautusumbui, kwa kuwa Juma yupo na picha ipo. Lakini mifupa iliyolala ardhini miaka milioni na zaidi haina wa kuisemea. Tunaposema "mabaki ya simba", -a huyo anaweza kumfanya simba kuwa maiti au kumfanya mlaji, nasi tusijue ni lipi. Tunaposema "mabaki ya binadamu", twaweza kuwa na maana ya mifupa ya mtu, au ya mifupa ya nyati aliyoitupa mtu baada ya kula.

Katika wilaya ya Njombe utata huu una uzito wake. Kati ya mwaka 1932 na 1947 simba wala watu waliitesa wilaya hiyo. George Rushby, bwana nyama wa serikali ya kikoloni aliyetumwa kuwawinda, aliandika habari zao, na idadi ya watu wapatao 1,500 waliouawa imetajwa mara kwa mara tangu wakati huo, ingawa ni ya kukisia. Mzee mmoja wa Kichiwa, ambaye simulizi hizo alizipokea kwa mama yake, nilimweleza swali la yule mwanafunzi. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, simba akishakula mtu, watu walikwenda kuokota kilichosalia wakakizika. Hakuna aliyesema wanazika mabaki ya simba. Walisema wanamzika fulani." Mzee yule hakuwa akinifundisha isimu, lakini alinionyesha kwamba wanaohusika na kifo hawayachanganyi mambo haya hata siku moja. Wanaoyachanganya ni sisi tunaoandika kutoka mbali.

Mfano wa Oldupai

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus katika Bonde la Oldupai. Mahali lilipopatikana palichimbwa kwa uangalifu, na katika tabaka moja zikatokea zana na vigae vya mawe zaidi ya 2,000 pamoja na maelfu ya vipande vya mifupa. Mawe na mifupa vimelala pamoja: ni nani basi asiyeona kwamba hapa watu waliketi wakala? Katika kitabu chake cha mwaka 1971 Mary Leakey aliyaita matabaka ya namna hii kwa jina lenye maana ya sakafu walizoishi watu, na jina hilo likaenea katika vitabu vya shule vya nchi nyingi. Mifupa ya wanyama ikahesabiwa yote kuwa chakula cha wenye nyumba.

Mwaka 1981 mambo yalibadilika, tena kwa pande mbili kwa pamoja. Upande mmoja Henry Bunn, na kwa upekee wao Richard Potts na Pat Shipman, walitangaza kwamba baadhi ya mifupa ya Oldupai ina michanjo iliyotiwa na jiwe kali. Basi mikono yenye zana ilikuwapo. Upande wa pili Lewis Binford alitoa kitabu kilichodai kwamba sehemu kubwa ya mifupa ile ni kazi ya wanyama wala nyama, na kwamba zamadamu, yaani viumbe wa jamii yetu waliotutangulia, walifika baadaye kuokota kidogo kilichoachwa. Ushahidi haukuwa rahisi kuutenganisha, kwa sababu mifupa mingine ina alama za jiwe na za meno pia, na yapo mahali ambapo alama moja imekatiza juu ya nyingine, ikionyesha nani alitangulia kuufikia mfupa na nani alifuata.

Ikambidi mtu atoke kwenye makumbusho aende porini. Katika miaka ya 1980 Robert Blumenschine alifuatilia mizoga katika Serengeti na Ngorongoro, akiangalia kinachoachwa na kila mlaji. Simba akishiba huiacha mifupa mirefu ikiwa mizima, na uboho umo ndani yake. Fisi akifika, hali hubadilika: yeye huvunja mifupa yenyewe, hutafuna ncha zake laini, na pengine huacha kipande cha katikati tu kama mwanzi uliokatwa pande zote mbili. Wahenga waliliona hilo mapema waliposema kwamba mfupa uliomshinda fisi hauwezi kuwa kazi ya mbwa. Kwa hiyo mwenye jiwe la kupondea angeweza kupata uboho baada ya simba, lakini baada ya fisi angekuta machache mno.

Mjadala huu haujafungwa. Wapo wanaosema kwamba zamadamu wa Oldupai walizifikia nyama mapema, wapo wanaosema walichelewa, na kila upande unahesabu alama upya. Sina nia ya kuwa mwamuzi. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba mwanafunzi wa Kichiwa hawezi hata kuuingia mjadala huu akiwa na neno moja, mabaki, kwa aliyekula, aliyeliwa na kilichoachwa.

Dawa imo ndani ya kitenzi

Tunapokosa neno, wengi wetu hukimbilia kukopa au kubuni. Safari hii hakuna haja. Kiswahili kina kitenzi cha kale, -saa, chenye maana ya kubaki. Chenyewe hakisikiki sana siku hizi, lakini watoto wake wawili wangali hai: -salia na -saza.

Kinachosalia hakihitaji mtendaji. Maji yamesalia mtungini. Siku mbili zimesalia. Mfupa umesalia kwa sababu ni mgumu na udongo ulikuwa mwema kwake. Kusaza, kinyume chake, ni tendo, na tendo lina mwenyewe. Hapana kusaza pasipokuwapo mtu au mnyama aliyetumia kwanza. Ndiyo maana twasema fulani alikula akasaza: alipata, akashiba, akaacha. Kutokana na vitenzi hivi tuna majina mawili ambayo hayakubuniwa na kamati yoyote: masalia na masazo. Hivi leo watu huyatumia kama visawe vya mabaki, na kamusi huyaeleza kwa kukaribiana. Pendekezo langu ni kwamba katika elimu ya mambo ya kale tuyape kazi tofauti, kwa kuifuata tofauti ambayo tayari imo katika viini vyake.

Masalia ya fisi yawe ni sehemu za mwili wa fisi mwenyewe: taya lake, meno yake, mbavu zake. Masazo ya fisi yawe ni kile alichokiacha fisi baada ya kula: mguu wa swala wenye ncha zilizotafunwa. Neno mabaki libaki kuwa neno la jumla, litumike pale ambapo mchimbaji mwenyewe bado hajui. Hapo utata wa neno utakuwa ni ukweli, wala hautakuwa uzembe.

Naona pingamizi moja la haki. Je, "masazo ya wali" si wali uliosazwa? Kwa hiyo "masazo ya mamba" yanaweza kuwa yale aliyoyaacha mamba, au nyama ya mamba iliyoachwa na mlaji mwingine. Ni kweli. -a unganifu haponi kwa neno moja. Kwa sababu hiyo mfasiri analazimika, angalau anapolitaja jambo kwa mara ya kwanza, kutumia kitenzi kamili: "mifupa ya swala iliyosazwa na fisi", "masazo yaliyoachwa na mamba". Baada ya hapo anaweza kufupisha, kwa kuwa msomaji amekwisha kujua nani ni nani. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa iliyo nyepesi na wazi, na ni ajabu jinsi tunavyoikwepa mara tunapofasiri sayansi, tukadhani kwamba utaalamu ni kupanga majina kwa safu.

Tofauti hii ya salia na saza inatusaidia hata pale ambapo hakuna mlaji. Tuchukue Isimila yenyewe walikokuwa wakienda wanafunzi wa Kichiwa. Bonde hilo lilitambuliwa mwaka 1951, na likachimbwa mwaka 1957 na 1958 na Clark Howell pamoja na wenzake. Mashoka ya mawe ya Isimila ni mengi na makubwa. Mifupa yake ni michache, ikiwemo ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, na kipimo kilichotangazwa mwaka 1972 kiliipa umri wa miaka ipatayo 260,000. Mwanafunzi akiambiwa kwamba "mabaki ya wanyama ni machache", atadhani kwamba watu wa Isimila hawakula nyama. Akiambiwa kwamba "mifupa michache imesalia", ataelewa mara moja kwamba swali ni la udongo na maji kabla halijawa swali la chakula.

Mfano mwingine ni wa C. K. Brain wa Afrika Kusini. Raymond Dart, akiitazama mifupa ya pango la Makapansgat, alikuwa amedai kwamba viumbe wa kale waliichagua mifupa fulani iwe silaha, kwa sababu sehemu nyingine za mwili hazikuonekana. Brain alikwenda kwenye vijiji vya wafugaji kando ya mto Kuiseb, nchini Namibia, akaokota mifupa ya mbuzi walioliwa na watu na kisha kutafunwa na mbwa. Akakuta sehemu zinazodumu ni zile zile ngumu, na zinazopotea ni zile zile laini, kama ilivyokuwa pangoni. Hakuna aliyechagua kitu. Mifupa ile ilisalia, wala haikuwekwa akiba. Kosa la Dart halikuwa la lugha, lakini mfasiri asiyetofautisha kilichosalia na kilichosazwa anaweza kulirudia kosa hilo bila kujua kwamba amelifanya.

Makazi ya nani?

Neno la pili katika sentensi yetu ni makazi. Mahali anapokaa mtu, akarudi jioni, akawasha moto, hapo ni makazi yake. Kulitumia neno hili kwa kila mahali palipookotwa mawe na mifupa ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Pale Oldupai, Zinjanthropus alidhaniwa kwanza kuwa ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1964 Homo habilis alipotangazwa na akina Louis Leakey, wengi walimpa yeye ufundi wa zana, na mwenye nyumba wa jana akageuka kuwa mgeni. Hata mgeni huyo hatujui kama aliingia kwa miguu yake au aliburutwa.

Katika pango la Swartkrans, Afrika Kusini, kipo kipande cha fuvu la zamadamu mdogo chenye matundu mawili. Brain alionyesha kwamba umbali kati ya matundu hayo unalingana na meno ya chonge ya taya la chini la chui. Chui hupandisha mawindo mtini ili kuwakwepa fisi, na miti katika nchi ile kavu huota penye midomo ya mapango. Mifupa ikianguka huingia ndani. Kwa kitabu chake cha mwaka 1981 Brain aliuliza kama viumbe wale walikuwa wawindaji au mawindo. Fikiri basi mfasiri anayeandika juu ya pango hilo: "makazi ya binadamu wa kale". Amemfanya marehemu kuwa mpangaji wa nyumba ambayo ni ya yule aliyemla.

Mabango mengine hutumia neno kituo. Neno hilo linafaa kwa idara inayopokea wageni na kukata tiketi, lakini halifai kwa mahali penyewe jinsi palivyokuwa miaka milioni iliyopita, kwa kuwa kituo ni mahali mtu anapokusudia kutua. Afadhali tuseme "eneo la kiakiolojia", na kwa tabaka lenyewe "mkusanyiko wa mawe na mifupa". Neno makazi tuliweke akiba mpaka pawepo dalili za kukaa.

Walaji na namna zao za kula

Wanyama wala nyama ni istilahi nzuri ikitumiwa kwa mipaka yake. Katika elimu ya viumbe inataja kundi la wanyama wanyonyeshao wenye nasaba moja: simba, chui, fisi, mbweha na jamaa zao. Mamba hayumo katika kundi hilo, wala tai hayumo, ijapokuwa wote hula nyama. Nasi wenyewe twala nyama lakini hatumo. Pale mwandishi anapokusudia kila kiumbe kinachokamata na kula kingine, neno mbuai, ambalo limo katika kamusi zetu, lingefaa zaidi.

Tofauti hii si ya kujipamba. Mifupa ya unyayo wa zamadamu iliyopatikana Oldupai mwaka 1960, inayojulikana kwa namba OH 8, ina alama za meno ya mamba. Mtanzania Jackson Njau, pamoja na Blumenschine, amezichunguza kwa kina alama wanazoacha mamba kwenye mifupa, na mwaka 2010 yeye na wenzake walimtangaza mamba wa kale wa Oldupai wakampa jina la kisayansi lenye maana ya mamba mla watu, Crocodylus anthropophagus. Jina hilo linasema wazi nani alikula na nani aliliwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba maadui wa zamadamu walikuwa "wanyama wala nyama" atamtafuta simba na fisi peke yao, na mamba atabaki majini bila kushukiwa.

Tatizo jingine ni "mla mizoga". Karatasi za mwalimu zilisema: "Binadamu wa kale hakuwa mwindaji bali alikuwa mla mizoga." Darasa zima, nilivyoambiwa, lilikunja uso. Mzoga kwa Mswahili unanuka. Ni mnyama aliyekufa akaachwa, na nyamafu huliwa na mbwa na tai. Lakini swala aliyeuawa na simba asubuhi, akaachwa mchana, hajawa mzoga wa kunuka, na aliyemfukuza simba ili achukue paja hakuokota uchafu. Wataalamu wenyewe hutenganisha njia tatu za kupata nyama, na Kiswahili kina maneno ya zote tatu: kuwinda, kupora mawindo, yaani kumnyang'anya mbuai kabla hajamaliza, na kuokota masazo, yaani kungoja mpaka wenye meno wameondoka. Tukisema hivyo, mjadala wote wa Oldupai unaweza kuelezwa kwa sentensi moja ambayo bibi yeyote wa Kichiwa ataielewa: je, waliwinda, walipora, au waliokota?

Alama za mfupani

Karatasi zile ziliziita alama za meno "makovu". Kovu ni la mwili ulio hai: ni kidonda kilichopona. Mfupa wenye kovu unatuambia kwamba aliyeumwa aliishi baadaye, na mganga wa mifupa ataliona jambo hilo kuwa kubwa sana. Kuliita kila jino lililopita kovu ni kuwafufua wafu. Aidha "alama za kisu" haifai, kwa kuwa kisu kinaleta chuma mahali ambapo hapakuwa na chuma.

Ninapendekeza tuseme "alama ya jino" kwa shimo au mfereji uliotiwa na mlaji. "Mchanjo wa jiwe" kwa mstari mwembamba uliotiwa na zana wakati wa kukata nyama. "Pigo la jiwe" kwa alama iliyobaki pale mfupa ulipopondwa kutoa uboho. Na "mkwaruzo" kwa mistari inayotiwa na mchanga pale mifupa inapokanyagwa na wanyama. Hili la mwisho limewahi kuwapoteza hata mabingwa, kwa maana mkwaruzo na mchanjo hufanana machoni mwa asiyetumia hadubini.

Je, tunawabebesha watu mzigo?

Najua lawama ya siku zote dhidi ya waundaji wa istilahi: kwamba hukaa mezani wakayatenganisha maneno ambayo watu hawayatenganishi, kisha vijitabu vikalala makabatini. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, orodha nyingi zimetolewa, na sote twajua kwamba baadhi ya maneno yake hayakutoka nje ya orodha. Lakini maneno yaliyokufa, kwa sehemu kubwa, yalikuwa yale ambayo msemaji hakuwa na njia ya kuyakisia maana. Masazo si neno la namna hiyo. Mtoto aliyewahi kuambiwa asisaze chakula amekwisha kulijua nusu yake. Kuokota, kupora, kuchanja, kukwaruza: haya yote yamo jikoni, machungani na shambani. Kazi ya Baraza hapa ni kuyapanga, wala si kuyaumba.

Lawama ya haki zaidi ni hii: kwamba mfasiri aliyefuata ushauri wangu ataandika sentensi ndefu kuliko za Kiingereza. Itakuwa hivyo mara nyingine. Kiingereza huweza kuliweka jina mbele ya jina bila kusema kuna uhusiano gani kati yake, na msomaji wake mwenye elimu hujaza mwenyewe. Msomaji wetu, ambaye pengine anaisoma habari hii kwa mara ya kwanza maishani, hana cha kujazia. Maneno matano ya ziada ni bei ndogo.

Neno la mwisho la sentensi yetu lilikuwa mwingiliano. Halikosei, lakini halisemi kitu. Fisi na zamadamu walifuatana kwenye chakula kimoja, walishindania mawindo, walinyang'anyana, na mara nyingine mmoja alimla mwenzake. Mfasiri akijua lipi lilitokea, alitaje. Asipojua, aandike kwamba haijulikani.

Kwa ufupi basi, naliweka mbele ya Baraza na mbele ya wenzangu wafasiri na walimu pendekezo hili: mabaki liwe neno la jumla, masalia yawe ya mwili wa mwenyewe, masazo yawe ya mlaji, na mlaji atajwe kwa kitenzi, makazi yangoje ushahidi, mla mizoga apishe njia kwa mwokotaji na mporaji. Na kila tunapotaka kuandika -a unganifu baada ya neno la mifupa, tujiulize kwanza maswali matatu: nani alikula, nani aliliwa, nani aliacha?

Kabla sijaondoka Kichiwa, mwalimu yule aliiandika upya sentensi yake ubaoni: "Katika eneo hili imepatikana mifupa ya fisi na chui waliofia hapa, na pia mifupa ya swala iliyotafunwa na wanyama hao na kuchanjwa kwa mawe na zamadamu, bado haijulikani nani aliifikia kwanza." Ni ndefu mara mbili ya ile ya awali. Mwanafunzi aliyeuliza swali aliinakili, akaisoma tena kwa sauti ya chini, kisha akanyoosha mkono kwa mara ya pili. Safari hii alitaka kujua wanaijuaje tofauti ya jino na jiwe.